Tulipanda Kusaidia, Nikashushwa kwa Machela

Mwaka 2002, nilipokuwa kidato cha pili mjini Morogoro, watu wengi walitujua sisi skauti kwa kazi moja: kumvisha mgeni rasmi skafu. Mgeni anashuka kwenye gari, skauti wawili wanasogea, wanasaluti kwa vidole vitatu, mmoja anamvisha, watu wanapiga makofi. Mwenge wa Uhuru ukipita tulikuwepo. Wiki ya Nanenane tulishinda getini tukipanga foleni na kuwatafutia mama zao watoto waliopotea. Nilizipenda kazi hizo na hadi leo sizidharau. Sare yangu ya kaki niliipiga pasi ya mkaa kila Ijumaa usiku.

Mwalimu wetu wa skauti, ambaye darasani alifundisha jiografia, alitaka zaidi ya hapo. Kila asubuhi tulifunga fundo dogo kwenye ncha ya skafu, na fundo lile halikufunguliwa mpaka uwe umemtendea mtu jambo jema siku hiyo. Ni desturi ya zamani ya skauti. Wengi wetu tulilifungua kwa kumbebea maji mpishi wa shule, na kuna siku tulikuwa watu sita kwenye ndoo moja. Miaka mingi baadaye nilikutana na mpishi yule, tukakumbushana, akaniambia kilichokuwa kikimsumbua siku zote zile kilikuwa kuni. Magogo yaliletwa mabichi na makubwa, naye alikuwa na maumivu ya bega. Hakuna aliyewahi kumwuliza.

Machi ya mwaka ule tulipanda miti. Morogoro imeegemea milima ya Uluguru, na kila mtu pale anajua kwamba mlima ukikauka na mji unakauka. Maji ya milima ile yanateremka kwa Ngerengere, Mgeta na vijito visivyohesabika mpaka Mto Ruvu, na Ruvu ndiyo inayowanywesha watu wa Dar es Salaam. Hayo tuliimba kwenye ngonjera mbele ya mgeni rasmi. Tukapanda miche mia tatu kwenye mteremko mmoja juu ya mji, tukapigwa picha, tukapewa soda, tukarudi shuleni. Hakuna aliyepangiwa zamu ya kupalilia wala ya kwenda kutazama. Juni nilipopita pale nilikuta mbuzi na majani. Nilihesabu miche iliyo hai, nikakomea tisa.

Nilimwambia mwalimu. Alinyamaza, kisha akasema, "Haya, likizo tunapanda mlima."

Julai tukapanda, skauti kumi na sita, vikosi viwili, mwalimu, na mwongoza njia mwenyeji, maana ule ni msitu wa hifadhi na mtu haingii bila kibali. Tulipangiwa kulala usiku mmoja kando ya mashamba, chini ya msitu, kesho yake tufike kilele cha Lupanga, na tukishuka tuingie kitongoji kimoja cha mlimani "kutoa huduma". Tulibeba mafagio mapya, sabuni za vipande, madaftari na hotuba ya usafi wa mazingira. Hotuba hiyo nilipewa mimi niisome.

Usiku wa kambi sijausahau. Nilizaliwa mjini, na nilidhani Julai ni kiangazi kila mahali. Uluguru haina habari na kalenda ya mjini: ukungu ulishuka saa kumi jioni, ukageuka manyunyu, na kila ukuni tuliookota chini ulikuwa umelowa. Mwongoza njia akatuonyesha kuni kavu zilipo, matawi yaliyokufa yakiwa bado yamening'inia mtini, hayajagusa ardhi. Ukilivunja likalia "ta!", hilo linawaka. Likipinda kimyakimya, liache. Ugali ulichelewa, maharage yaliungua chini, tukala yote.

Baada ya kula mwalimu alituchorea majivuni alama za njia ambazo skauti dunia nzima wanazisoma: mshale wa mawe, msalaba wa kukukataza kupita, na mwisho mduara wenye nukta katikati, maana yake "nimekwenda nyumbani". Alituambia kuwa Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, aliyewapeleka vijana wapatao ishirini kupiga kambi kwenye kisiwa cha Brownsea, Uingereza, mwaka 1907, amelala hapa hapa Afrika Mashariki. Alifariki Nyeri, Kenya, tarehe 8 Januari 1941, na kaburi lake lina alama hiyo hiyo, mduara na nukta. Nililala nikiufikiria mduara ule, mvua ikigonga turubai.

Lupanga si mlima wa kutembea umenyooka. Kilele kipo zaidi ya mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, na sehemu ya mwisho unapanda kwa mikono kama kwa miguu, ukishika mizizi. Kuna utelezi, mawe na miti iliyovikwa kuvumwani ya kijani mpaka kwenye matawi. Kileleni tuliona weupe mtupu wa ukungu, tukafurahi vile vile. Nilianguka wakati wa kushuka. Mguu wa kulia uliingia kati ya mizizi miwili na mwili ukaendelea mbele. Nilisikia sauti ndani ya mguu kabla ya kusikia maumivu.

Wenzangu walifanya tulivyofundishwa, na walifanya vizuri. Walikata vijiti, wakanifunga mguu pande mbili kwa skafu tatu. Wakachukua fimbo mbili ndefu na mashati mawili, wakageuza mikono ya mashati ndani, wakapitisha fimbo, wakafunga vifungo, machela ikawa tayari. Uwanjani shuleni tulikuwa tumeshinda zawadi kwa machela hiyo. Mlimani ilikwenda kama hatua hamsini. Njia ni finyu kiasi cha mguu mmoja, upande huu ukuta, upande huu bonde, na machela yetu ya fimbo mbili tulizoea kuibeba watu wanne, wawili wawili. Wawili hawakuwa na pa kukanyaga. Kisha vifungo vya shati vikaachia kimoja baada ya kingine.

Mwongoza njia alikuwa ametangulia mbio. Alirudi na wanaume wanne wa kitongoji kile tulichokuwa tunakwenda kukihudumia. Walikuwa mashambani, na jembe moja bado lilikuwa begani kwa mwenyewe. Hawakuuliza mengi. Walikata mti mmoja, urefu wa kama mita tatu, wakauning'inizia shuka ncha hadi ncha, wakanilaza ndani kama mtoto mbelekoni. Mti mmoja, watu wawili, mmoja mbele na mmoja nyuma. Upana wa machela ni upana wa mtu mmoja, basi inapita popote mtu anapopita. Mabegani waliweka ngata za kanga. Waliobaki walitembea nyuma wakisubiri zamu, na kubadilishana kulikuwa hakuna amri: mmoja anaguna, mwenzake anaingiza bega, mti hauyumbi.

Ndani ya shuka sikuona kitu isipokuwa majani yakipita juu na mgongo wa mtu ulioloa jasho. Nilikuwa na miaka kumi na sita, nina sare, nina beji, na karatasi ya hotuba ilikuwa mfukoni mwangu imelowa. Nilisikia pumzi zao. Mmoja, aliyekuwa nyuma yangu, alikuwa akinisemesha nisilale. Aliniambia njia hii wanaijua hata gizani kwa sababu wagonjwa wote wanapita hapa. Mwezi uliopita walimshusha mkewe, uchungu umeshaanza. Walipofika kwenye kona ya mkuyu, mti wa machela haukuweza kugeuka, ikabidi wamshushe chini, na mtoto akazaliwa pale pale chini ya mkuyu.

"Yu hai?" nikauliza.

"Wote wawili wapo," akasema. "Mtoto tumemwita Mkuyu, jina la utani."

Tulipofika kwenye kona ile, walinitua. Wakauinua mti wima, wakaugeuza, wakanipakia tena. Nilitazama njia. Ilikuwa kona ya kawaida, jiwe moja kubwa limejitokeza na udongo umeliwa na maji. Mtu mzima mwenye miguu yake anapita bila kuiona.

Chini tulipata gari, nikapelekwa hospitali, nikafungwa hogo wiki sita. Mafagio na sabuni viliachwa kwa balozi wa nyumba kumi. Hotuba haikusomwa.

Septemba, nikiwa natembea kwa gongo moja, mwalimu alitaka turudi. Wachache wetu hatukuona sababu. Tulikuwa tumeaibika, na vijana hawapendi kurudi mahali walipoaibika. Alisema maneno machache: mtu akikubeba, unarudi kusema asante kwa miguu yako. Gari la mizigo likatusogeza mpaka barabara inapokwisha, na mlima uliobaki nilipanda polepole, na mara mbili nilitaka kurudi.

Walitupeleka kwa bibi mmoja, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa na neno kuhusu ardhi ya pale. Kwa Waluguru ardhi ni ya ukoo, na ukoo unafuata upande wa mama. Alikuwa amekaa kwenye kigoda anachambua mbegu za maharage.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, wajukuu zangu. Huyu ndiye aliyebebwa?"

"Ndiye mimi, bibi."

Akanitazama mguu, akaniita karibu, akaubonyeza kwa kidole gumba kama anavyobonyeza embe. "Umeunga," akasema.

Mwalimu akaeleza kwamba tumekuja kushukuru, na kama ipo kazi tunayoweza kuifanya, tuko tayari. Bibi hakujibu haraka. Aliendelea na mbegu zake, kisha akauliza: "Mnauliza kazi, au kazi mmekuja nayo?"

Swali hilo nimeishi nalo. Hatukujua anatoka nalo wapi mpaka alipotusimulia. Enzi za Mwingereza, akiwa binti, watu wa serikali walipanda mlimani wakasema udongo unachukuliwa na maji, kwa hiyo kila mtu achimbe matuta ya ngazi shambani kwake. "Na kweli udongo ulikuwa unachukuliwa," alisema. "Hawakusema uongo. Lakini udongo wa huku ni ngozi tu. Ukichimba ngazi, udongo mfu unakuja juu, ule wenye uhai unaufukia. Tulichimba, migongo ikatuuma, mahindi yakawa manjano. Tukasema, hawakusikia. Walikuwa wamekuja na kazi yao."

Baadaye, nikiwa chuoni, niliyasoma hayo maktabani. Mpango ule ulianza mwaka 1950 na ukaishia mwaka 1955, baada ya watu kukusanyika Matombo kuukataa, polisi wakapiga risasi na mtu akafa. Vitabu vinauita mpango wa kuhifadhi ardhi ya Uluguru. Bibi hakuutaja kwa jina wala mwaka. Kwake yalikuwa mahindi ya manjano.

Mwalimu akasema, "Bibi, safari hii tumekuja kuuliza."

Na jibu halikuwa miti. Sisi tulikuwa na hakika litakuwa miti, kwa sababu chemchemi yao ilikuwa wazi na jua linaipiga. Jibu lilikuwa njia: kipande kile kutoka chemchemi mpaka chini ya kona ya mkuyu, ambacho wanawake wanakipanda na ndoo kichwani na wagonjwa wanashushwa nacho. Kujua namna ya kuijenga walijua. Walichokosa ni sururu za kuvunjia mwamba, na mikono, maana msimu wa kulima kila mtu yuko shambani, na msimu wa mavuno kila mtu yuko njiani kupeleka mboga sokoni Morogoro. Sururu zilikuwepo stoo ya shule. Mikono tulikuwa nayo kumi na sita, wa kumi na saba akiwa mwalimu.

Tulianza Oktoba, Jumamosi mbili kila mwezi. Fundi alikuwa yule yule mzee aliyekuja siku ile na jembe begani, na neno lake ndilo lililokuwa la mwisho, hata mwalimu alimtii. Kazi yenyewe naweza kuifanya leo nikiwa nimefumba macho. Gogo linalazwa kukingama njia, linashikwa na vigingi viwili mbele, nyuma yake unajaza mawe, kisha changarawe, kisha udongo, unashindilia. Kila baada ya ngazi tano au sita unachimba mfereji mdogo wa mshazari, kina cha kiganja, kuyatoa maji pembeni yasipate nguvu ya kukimbia na njia. Mfereji ukiusahau, masika moja inatosha kuondoa kila ulichojenga.

Ngazi kumi na moja za mwanzo tulizipima kwa fimbo zetu za skauti, ambazo zina alama za vipimo, zote zikatoka sawa kabisa, nasi tukajisifu. Fundi akazitazama, hakusema. Akamwita mama mmoja aliyekuwa anatoka chemchemini na ndoo ya lita ishirini kichwani, akamwomba apande. Mama akapanda tatu, akasimama. Alituambia, bila ukali, kwamba mwenye mzigo kichwani hatazami chini. Anatafuta kwa unyayo. Ngazi iwe fupi kimo, iwe ndefu kwenda mbele, miguu yote miwili ipate kutulia kabla ya kupanda nyingine. Zetu zilikuwa zimepimwa kwa mguu wa kijana asiyebeba kitu.

Tukazing'oa zote kumi na moja.

Kuna mwenzetu alilia siku ile, malengelenge yamempasuka viganjani. Hakuacha kuja. Ni yeye aliyegundua, kwenye kona ya mkuyu, kwamba tulete mti wa mita tatu tuushike wawili na kuuzungusha, ili tuone jiwe livunjwe mpaka wapi. Tulivunja mwamba ule kwa Jumamosi nne, tukiwasha moto juu yake na kuumwagia maji ya baridi upasuke, kama fundi alivyotuonyesha. Ulipofika mahali mti ukazunguka bila kugusa, fundi alivua kofia. Mtoto Mkuyu alikuwa mgongoni kwa mama yake, anatutazama.

Wakati huo huo bibi alianza kutuita pembeni, mmoja mmoja, kuhusu chemchemi. Hakutaka mikaratusi, ambayo ndiyo miche tuliyozoea kugawiwa. Alisema inakunywa maji mengi kuliko watu. Alitaka mikuyu na mizambarau. Mkuyu haukuhitaji hata kitalu. Alituambia tukate vigogo vinene kama mkono kutoka kwenye mkuyu wa kona, tuvichimbie ardhini mvua zikianza, vikishika vinakuwa ukuta na kivuli. Tulipanda arobaini kuzunguka chemchemi, tukavizungushia miiba kwa ajili ya mbuzi, na kila kikosi kikapewa Jumamosi yake ya kwenda kutazama hata kama hakuna sherehe. Baada ya kiangazi kimoja vilikuwa hai thelathini na kimoja. Mwaka 2004, tunamaliza kidato cha nne, Bunge likapitisha sheria ya mazingira inayokataza shughuli za kibinadamu za kudumu au za kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka chanzo cha maji. Mwalimu alikwenda kumwambia bibi. Bibi akauliza mita 60 ni kutoka wapi hadi wapi. Mwalimu akahesabu hatua, akasimama karibu na shamba la ndizi la ukoo. Bibi akasema hapo ndipo mama yake alipowaambia wasilime.

Ngazi zilifika hamsini na nane. Hakuna mgeni rasmi aliyekuja kuzizindua, na hatukumvisha mtu skafu. Siku ya mwisho tuliondoka jioni kama siku nyingine, fundi akituambia tuziache sururu mbili, wakabaki nazo, na shule haikuzidai.

Sasa nafundisha shule ya sekondari mkoa mwingine, na nina kundi langu la skauti. Fundo la skafu tunalifunga bado, isipokuwa nimeongeza sharti moja: kabla hujalifungua, uwe umemwuliza mtu. Kuna wanaorudi jioni na fundo halijafunguliwa kwa sababu walimwuliza mtu akasema hahitaji kitu. Hao nawapa mkono wa kushoto, salamu yetu, sawa na wengine.

Mwaka jana niliwapeleka Uluguru. Bibi alikwishafariki, na fundi pia. Mikuyu imefunga kivuli juu ya chemchemi hadi unasikia ubaridi kabla ya kuona maji. Ngazi nyingi si zetu tena: magogo yameoza yakabadilishwa, mengine yamewekwa mawe, na upande wa bonde mtu ameweka kamba ya katani ya kushika. Nilisimama juu ya ngazi ya kwanza nikitafuta moja ninayoweza kuitambua. Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi.

Msichana wa miaka kama tisa alikuwa akipanda na kidumu cha lita tano. Akaniona nimesita, na mguu wangu wa kulia, ambao hushikwa na ubaridi nikiwa mlimani, umetangulia vibaya.

"Mjomba, shikamoo. Hiyo ya tatu inateleza," akasema. "Kanyaga pembeni, halafu shika kamba hapa."

Akatua kidumu chake, akanipa mkono.